UZI: Maganda ya "mayai ya dinosaria" yanayookotwa makorongoni Kondoa, kabla hujamuuzia mtu soma hapa

Korongo la Kolo

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu, leo nimeamua kuuandika kwa sababu mdogo wangu kanirushia tangazo kutoka kundi moja la WhatsApp la huku kwetu, kuna mtu anasema ananunua "maganda ya mayai ya dinosaria" kwa kilo, na vijana wameshaingia korongoni na majembe na sululu. Roho imeniuma kwelikweli. Naandika haraka mnisamehe mpangilio.

Mimi nimekulia karibu na Kolo, wilayani Kondoa, mkoa wa Dodoma. Anayeijua Kondoa anajua makorongo ya kule, maji yameila ardhi mpaka ukisimama chini kuta za udongo mwekundu zinakupita kimo mara mbili mara tatu. Wazee wetu wanaikumbuka HADO, ule mradi wa hifadhi ardhi ulioanza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili nyasi zirudi. Mmomonyoko umetutesa sana lakini pia umefungua tabaka za chini ambazo hakuna mtu angezifikia kwa jembe la mkono. Mvua ikipiga usiku, asubuhi yake ukipita korongoni unakuta vitu vimeoshwa vinakutazama, vigae vya vyungu, mawe meupe yenye makali kama wembe, na vile vipande vya ganda.

Vipande vyenyewe kwa asiyevijua: vingi ni kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya siagi, vingine vimegeuka kahawia au kijivu kwa moto. Upande wa nje ni laini kama kikombe cha kauri, lakini ukikigeuza juani unaona vitobo vidogo sana kama vya ncha ya sindano vimekaa mafungu mafungu. Upande wa ndani hauna mng'ao, unakwaruza kidogo kidoleni. Unene ni karibu milimita 2, yaani ganda la yai la kuku linaingia humo mara tano au zaidi. Ukikiangusha kwenye sahani kinalia ting. Ukikiona kwa mara ya kwanza lazima ujiulize ni mdudu gani alitaga yai la namna hii, maana mimi tangu nazaliwa sijawahi kumuona mbuni anatembea Kolo.

Kwa hiyo nikaamini ni dinosaria. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, misimu miwili ya mvua nikawa naokota tu na kutia kwenye kopo la maziwa. Kopo likajaa. Akaja mtu mmoja kutoka mjini, akaniambia ndiyo ni dinosaria, akanipa elfu thelathini nikammiminia nusu ya kopo. Nilifurahi siku ile, niliona nimeokota hela.

Nusu iliyobaki ilikaa kwenye sanduku la bati miaka, mpaka dada mmoja aliyekuwa anasomea akiolojia akaja kule kwetu kwenye michoro ya miambani, nikampelekea. Akamwaga vyote juu ya kanga, akaanza kuchambua kimya kimya kama mtu anayechagua mchele. Akatoa kimoja akaniwekea kiganjani. Kilikuwa na tundu katikati, tundu lenyewe halijatoboka mpaka upande wa pili, na pembeni kimemegwamegwa kuizunguka kama mtu alikuwa anakitafutia uduara. Akasema huu ni ushanga ambao haukumalizika, aliyekuwa anautoboa aliuacha hapa. Halafu akaniuliza umeuokota wapi. Nikasema korongoni. Korongo lipi? Ukuta upi? Ulikuwa umenasa kwenye udongo au umelala chini kwenye mchanga? Kwenye udongo mwekundu au ule mweusi wa juu? Na vilivyokuwa pembeni yake ni nini?

Sikuwa na jibu hata moja. Vyote nilivichanganya kopo moja, vya Kolo, vya njia ya Mnenia, vya kwa mjomba. Hakunigombeza, lakini nilimuona usoni. Akavirudisha kwenye kopo.

Nusu niliyouza sijui ilikuwa na nini ndani, na sitakaa nijue.

Naendelea chini, msichangie kwanza.

Korongo la Kolo

Sasa ganda lenyewe ni la nini. Ni la mbuni. Siyo tusi jamani, msikate tamaa mapema, maana ganda la mbuni la Kondoa lina habari kubwa.

Wengi mmeisikia Kisese, pango la mwamba huko huko wilayani. 1956 Raymond Inskeep alichimba pale, akatoa maganda ya mbuni na shanga zake, akaandika kila kitu kimetoka kina gani, vikawekwa makumbusho. Miaka 60 ikapita. Watafiti wakarudi kwenye yale maboksi, wakapima maganda yaleyale kwa kaboni, wakakuta shanga za Kisese zina zaidi ya miaka 40,000. Hebu fikiria mtu amekaa chini ya mwamba Kondoa miaka elfu arobaini iliyopita, anavunja ganda, anatoboa, anasaga pembeni mpaka liwe duara. Na hayo yote yalipatikana kwa sababu jamaa wa 1956 aliandika kina, kwa vipande vidogo kuliko vilivyokuwa kwenye kopo langu. Angevitia vyote mfuko mmoja kama mimi, leo vingekuwa mapambo tu.

2022 ukatoka utafiti mwingine uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 za ganda la mbuni kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini, zikarudi nyuma mpaka miaka 50,000. Kuna kipindi kirefu watu wa huku kwetu na watu wa kusini kabisa mwa bara walikuwa wanatengeneza shanga zinazofanana mno, ikaonekana walikuwa wanafikiana, kisha mawasiliano yakakatika. Yaani kabla ya barabara, kabla ya jembe, kabla ya ng'ombe.

Fundi Mawe Ihumwa

Mkuu heshima yako. Ila mbona unawakatia watu riziki? Huyo anayenunua kwa kilo anapeleka wapi kama ni mbuni tu? Labda wewe la kwako lilikuwa mbuni la mwenzako likawa dinosaria kweli. Dodoma ni kubwa.

Korongo la Kolo

Fundi swali zuri na wewe ni mtu wa mawe utanielewa haraka. Dodoma ni kubwa lakini angalia imekaa juu ya nini. Haya matale tunayoyaona kuanzia mjini, Chamwino, Bahi mpaka kupanda Manyoni ni granaiti na jamaa zake, mengi yana zaidi ya miaka milioni 2,500. Dinosaria wamekuja juzi, kama miaka milioni 230 iliyopita, na wale wakubwa wakaisha miaka milioni 66 iliyopita. Granaiti ilishapoa ikaganda zamani sana kabla ya mnyama yeyote mwenye mfupa, hamna yai litakaloingia humo. Ili yai likae linatakiwa lifunikwe na tope au mchanga, ule mchanga ugeuke jiwe, na jiwe lisije likaliwa na mvua baadaye. Mawe ya namna hiyo ya enzi za dinosaria Tanzania tunayo lakini siyo hapa katikati. Nenda Lindi, Tendaguru, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913 wakabeba mifupa zaidi ya tani 200, ikabebwa kichwani na mabegani na wapagazi wetu hadi bandarini Lindi, na dinosaria mmoja wa kule amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake ni mita 13 na ushee. Nenda Songwe upande wa Rukwa, kule ndiko ametoka dinosaria Rukwatitan aliyetangazwa 2014, na Shingopana 2017, na Mnyamawamtuka 2019. Majina ya Kiswahili hayo, Shingopana na Mnyamawamtuka, mimi huwa yananifurahisha kuyatamka.

Kwa hiyo huyo wa kilo ama hajui ama anajua na anawadanganya, na kwa vyovyote vile ananunua kitu cha Watanzania wote.

Binti Manyoni

Jamani naomba kuuliza na mimi. Huku kwetu upande wa Kilimatinde kuna mawe ya duara kabisa, mengine kama mpira mengine marefu kama yai, babu alikuwa anasema ni mayai ya joka. Ukiyapasua yanabanduka maganda maganda kama kitunguu. Si ndiyo ganda lenyewe hilo?

Korongo la Kolo

Dada yangu hilo linawachanganya wengi sana na siyo huku tu, dunia nzima watu wanapeleka makumbusho mawe ya duara. Kama ni granaiti inaliwa na maji na jua kuanzia kwenye pembe, pembe zinaisha kwanza, jiwe linabaki duara na linamenyeka matabaka. Ndiyo hicho kitunguu chako. Kuna na mengine ni chokaa imejikusanya udongoni ikaviringana.

Kulitofautisha na yai angalia ganda. Ganda la yai ni moja tu, unene wake ni sawasawa kote, na linaishia hapo, ndani ni kitu kingine kabisa. Hilo lako lina tabaka juu ya tabaka mpaka katikati. Halafu ukipata lensi ndogo ya mkono, hata ile ya fundi saa, angalia pale lilipovunjika kwa ubavu. Ganda la yai lina vinguzo vidogo vimesimama wima vimebanana, vimeanzia kwenye vinundu upande wa ndani, na hapa na pale kuna kinjia cha hewa kinapita mpaka nje, maana kifaranga lazima apumue. Jiwe halina haja ya kupumua, hutakuta hivyo vinjia.

Hii hata kwa dinosaria ni hivyohivyo. Ganda lao nalo ni kalsiti, yaani madini ya chokaa, kama la ndege, lina vinguzo na vinjia vya hewa, tofauti ni unene na nakshi ya juu, mengine yana vipele, mengine mikunjo. Unene hauna kanuni. Yale ya Massospondylus ya Afrika Kusini, yalipatikana 1976, ganda lake ni jembamba karibu kama karatasi, na wale wakubwa wa shingo ndefu wengine wana milimita kadhaa. Na 2020 ikajulikana wengine walitaga mayai ya ganda laini kama ya kasa, hayo hata kubaki ni nadra. Kwa hiyo mtu asikuambie "nene ndiyo dinosaria".

Na msiweke siki wala ndimu kupima. Najua imeandikwa mahali kwamba likitoa povu ni ganda. Chokaa ya korongoni nayo inatoa povu, hujajua chochote na ganda umeshaliharibu.

Msandawe Halisi

Nachangia kidogo. Bibi yangu alikuwa na mkufu wa shanga za ganda la mbuni, nyeupe, zimesagwa mpaka zinateleza. Mpaka leo Wahadzabe wanazivaa. Sasa kama ni kitu cha juzi tu utajuaje kipande cha bibi yangu na cha miaka elfu arobaini? Vyote si vyeupe?

Korongo la Kolo

Asante sana ndugu, hapa umegusa penyewe.

Kwa macho huwezi. Rangi inadanganya, kipande cha juzi kikilala kwenye udongo mwekundu kinakuwa chekundu, na cha zamani kikioshwa kinang'aa. Kinachokuambia umri ni pale kilipolala. Kimenasa kwenye tabaka, juu yake kuna majivu, chini yake kuna mawe yaliyochongwa, basi vyote vinasemeana. Maabara inaweza kupima kaboni ya ganda lenyewe mpaka kama miaka 50,000 nyuma, lakini hakuna mtu atakayetoa pesa kupima kipande kilichotoka kwenye kopo, kitamwambia umri halafu umri wa nini?

Na ganda la mbuni ni sanduku la ajabu. Laetoli, kule Ngorongoro kwenye nyayo za kale, wanapata maganda ya mbuni pia, na 2016 watafiti walitangaza wamekuta mabaki ya protini ndani ya ganda la pale lenye miaka milioni 3.8. Protini! Kwenye joto letu hili. Pia kaboni iliyomo humo inaonyesha mbuni yule alikula majani ya namna gani, kwa hiyo unajua kulikuwa na ukame au mvua. Yote hayo yamo kwenye kitu cha milimita 2 ambacho mtu anataka kukipima kwenye mzani wa nyanya.

Msandawe kama huo mkufu upo muulize mama historia yake, nani alitengeneza, ganda lilitoka wapi, muandike. Hilo nalo linapotea haraka.

Kijana wa Bahi

Mkuu nakuelewa ila nisaidie, wenzetu nje mbona wanauza hadharani? Nimeona mtandaoni mayai mazima ya dinosaria yana bei.

Korongo la Kolo

Yanauzwa ndiyo, na mengi yametoroshwa kwenye nchi zilizokataza. Ngoja nikupe kisa cha kweli kilichowakuta Wamarekani wenyewe.

1923 msafara wa Roy Chapman Andrews ulipata mayai jangwani Mongolia, kwenye majabali yanayowaka rangi ya machungwa. Dunia ikawaka. Wakapeleka yai moja mnadani kuchangisha hela, likaenda kwa dola 5,000, hela nyingi mno kipindi kile. Basi serikali za kule zikasema kumbe hawa kila yai wanalobeba ni dola 5,000, wakaanza kuwabana, na Andrews mwenyewe baadaye alijuta kuliuza. Yai moja tu likaharibu kazi ya miaka.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni kingine cha pale pale. Juu ya kiota kimoja walikuta mifupa ya dinosaria mdogo, wakasema huyu alikuja kuiba mayai ya mwenzake, wakampa jina Oviraptor, mwizi wa mayai. Akakaa na sifa hiyo ya wizi miaka 70. 1993 likapatikana yai la aina ileile lina kifaranga ndani, kifaranga ni wa ukoo wa huyohuyo "mwizi". Alikuwa amelalia mayai yake. Na unajua kwa nini watu waliweza kusahihisha? Kwa sababu waliochimba 1923 walikosea maelezo lakini hawakukosea kuandika, nani alikuwa juu, mayai yalikaaje, mwamba gani. Kama wangeleta mayai kwenye gunia na mifupa kwenye gunia lingine huyu mama angebaki mwizi mpaka kesho.

Kwa hapa kwetu sheria iko wazi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake. Kuchimba bila kibali hapana, kutoa nje ya nchi bila kibali hapana, na ukigundua unatakiwa kutoa taarifa. Halafu kuna kitu wengi hawajui, hata ukisema siyo la kale ni la mbuni wa sasa, umejitia pabaya zaidi, maana yai na ganda la mbuni wa porini ni nyara kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Ukikamatwa na gunia la maganda huna pa kutokea, la kale kosa, la sasa kosa. Mnunuzi atakuwa ameshapanda basi.

Mnyaturu_1

Uzi mzuri sana huu. Niongezee tu kwamba ukanda wa kati tunao visukuku vyetu vya kujivunia, watu hawasemi. Singida kuna sehemu inaitwa Mahenge (siyo Mahenge ya Ulanga), zamani ilikuwa ziwa dogo kwenye shimo la volkano, miaka kama milioni 46 iliyopita. Wametoa samaki wazima wamelala kwenye jiwe jembamba kama kurasa, na chura, na popo aliyeitwa Tanzanycteris mwaka 2003. Popo mkuu!

Korongo la Kolo

Mnyaturu umenifurahisha, nilikuwa nataka kuiweka nikasahau. Na muone ilivyo, granaiti kote lakini volkano ilipotoboa shimo na maji yakatuama tope likapata pa kukaa, samaki wakahifadhika. Hao ni miaka kama milioni 20 baada ya dinosaria kuisha. Tope ndilo linahifadhi, siyo bahati.

Mama Haubi

Mwanangu nimesoma yote. Wanangu wawili wameingia kwenye hiyo biashara wiki iliyopita, wameleta ndoo ndogo nyumbani imejaa. Na leo mkubwa kasema ameona sehemu ukutani maganda yamepangana mengi pamoja na mkaa, kesho wanataka kwenda na sululu. Nifanyeje? Nisiwatie polisi watoto wangu.

Korongo la Kolo

Shikamoo mama. Usiogope, hakuna anayetaka watoto wafungwe.

Kwanza kesho wasiende na sululu, nakuomba sana. Maganda pamoja na mkaa ukutani inawezekana kabisa ni mahali watu walikaa wakawasha moto, ndicho kile kitu mimi sikukiona miaka yote niliyookota. Mkubwa arudi pale na simu tu. Apige picha kwa mbali uonekane ukuta wote, apige kwa karibu akiweka kalamu au kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, achukue lokesheni kwenye simu. Asiguse kitu, hata kinachotaka kuanguka akiache. Apime kwa hatua ni umbali gani kutoka juu ya ukuta.

Ile ndoo isichanganywe tena na isioshwe. Wakumbuke leo leo kabla hawajasahau, hivi vimetoka wapi na hivi vimetoka wapi, kila fungu kwenye bahasha yake na karatasi ndani, hata waandike kwa penseli "korongo la chini ya mbuyu, tumeokota mchangani". Hicho kidogo ni zaidi ya nilichokuwa nacho mimi.

Halafu pale Kolo kuna ofisi ya serikali inayohusika na michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia 2006. Tukiwapelekea taarifa wenyewe mapema na mali tukaikabidhi ni tofauti kabisa na kukamatwa nayo njiani. Mimi Jumamosi nitakuwa Kondoa, nitapanda gari la asubuhi kutoka Dodoma. Nitakuja na kopo langu, twende pamoja mimi na wanao tukakabidhi vyote siku moja.

Mama Haubi

Marahaba. Nimeongea nao. Mdogo amekubali, mkubwa ananuna anasema alishaahidiwa hela. Lakini sululu nimeificha mimi chini ya kitanda. Karibu Jumamosi, nitakupikia ugali na mlenda.

Korongo la Kolo

Asante mama. Mwambie mkubwa namtegemea yeye anionyeshe huo ukuta, mimi sijawahi kuuona wa namna hiyo.